Refa Asiye na Mtu

Galma alijifunza cherehani akiwa mtu mzima, baada ya ng'ombe wake kufa. Kabla ya hapo alikuwa mfugaji huko Wajir, Mborana mwana wa wafugaji, na sindano aliijua kwa kazi moja tu, kutoa mwiba mguuni. Ukame mkubwa ulipomaliza ng'ombe, alimchukua mkewe Tiya na mtoto wao mchanga aitwaye Wako, wakapanda lori la mbuzi mpaka Garissa. Mwanzoni alibeba mizigo sokoni. Kisha mzee Mutua, fundi Mkamba aliyekuwa na baraza mkabala na maduka ya mabati, akamwona ana mkono mtulivu, akamkalisha nyuma ya mashine. Mzee alipochoka na kurudi kwao Mwingi, alimwachia Galma baraza, mashine na wateja wa sare za shule.

Mji ulimjua na mji haukuwa na habari naye, yote mawili kwa pamoja. Kwetu Wasomali watu wakikutana hawaulizani jina kwanza. Huuliza, wewe ni wa nani? Hapo unataja ukoo, na mlango wa ukoo, na babu juu ya babu, mpaka mpate mahali mnapokutana, kisha mnakaa kuzungumza kama watu waliolelewa pamoja. Galma akiulizwa hivyo hujibu, "Mimi ni Mborana wa Wajir." Mwulizaji husema mashallah, na mazungumzo huishia hapo kwa heshima, kama gari lililofika mwisho wa lami.

Hakulalamika. Alikuwa na kazi, na aliwahi kuwa na mwanafunzi mzuri. Kijana yule aliitwa Muse. Alikuja hajui kutunga uzi kwenye sindano, na baada ya muda mfupi alikuwa anakata kola kwa jicho bila kupima. Galma alimpenda kama mwanawe. Halafu Muse akaanza kumeza vidonge vya kulevya, vile vinavyouzwa kwa siri mchana mweupe nyuma ya vibanda. Vidole vyake vikaanza kutetemeka. Siku moja sindano ya mashine ilipita katikati ya kidole chake, naye hakupiga hata kelele. Alikitazama kidole akacheka. Baada ya hapo mtaa mzima ulijua, naye akapotea, wakasema yuko Nairobi, Eastleigh, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari zake.

Kwa hiyo Qali alipofika barazani na ombi lake, hakuhitaji maneno mengi.

Qali ni muuguzi. Yeye na Maalim Bishar wa madrasa, pamoja na walimu na akina mama kadhaa, walikuwa wameunda kitu walichokiita Muungano wa Afya ya Vijana. Hawakuwa na ofisi wala mshahara. Walikuwa wamegundua kwamba vidonge huuzwa zaidi kati ya swala ya Alasiri na Magharibi, saa ambazo vijana wamekaa tu kwenye kuta. Wakaamua kuzijaza saa hizo. Wakaanzisha mashindano ya mpira kati ya bulla mbalimbali, yaani mitaa yetu, na kila baada ya mechi Qali alipima afya za wachezaji na kuzungumza nao faragha.

"Walaal Galma," Qali alisema, yaani ndugu Galma, "tuna wachezaji, hatuna jezi. Siku ya kwanza nusu walivua mashati, nusu wakabaki nayo, na hata hivyo walipasiana mpira na maadui."

"Nina mabaki ya vitambaa vya sare," Galma akajibu. "Rangi hazitalingana sana."

"Zikitofautiana na za wenzao, yatosha."

Alishona jezi za timu zote bila kudai kitu. Alizipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa Muungano, katika darasa la madrasa, akakuta watu wanabishana. Mechi ya Bulla Hodan na Bulla Nur ilikuwa imevunjika kwa ngumi, kwa sababu mwalimu aliyechezesha alikuwa na shemeji Bulla Nur.

"Basi nani atachezesha?" Maalim Bishar aliuliza.

Kila jina lililotajwa lilikuwa na kasoro. Huyu mama yake katoka Hodan. Yule kaoa Nur. Mwingine ukoo wake uligombana na ukoo fulani juu ya kisima, kabla hata ya hao vijana kuzaliwa. Mwishowe Nunow, mwenye duka la mabati, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Galma," akasema. "Mchukueni Galma. Hana mtu."

Darasa zima likacheka kwa faraja. Kweli, hana mtu! Mbona hatukumkumbuka? Galma alikuwa ameketi pale pale, rundo la jezi mapajani. Alicheka pia, kwa sababu wote walicheka.

Nyumbani Tiya alimuuliza kilichompata mkutanoni.

"Wamenichagua kuwa refa," alisema. "Kwa sababu sina mtu."

"Nani kasema huna mtu?"

"Nunow. Hakusema kwa ubaya."

Tiya aliweka sufuria chini. "Abba Wako," akamwita kwa jina la mtoto wao, "unajua chochote kuhusu mpira?"

"Najua kwamba unapigwa kwa mguu."

Tiya akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ndipo mumewe alipojua jambo ambalo hakuwahi kulijua katika miaka yote ya ndoa. Marehemu baba yake Tiya alinunua redio apate habari za mvua na bei ya mifugo. Lakini Jumamosi redio ile ilitangaza mpira, kwa Kiswahili, na binti akiwa anakamua mbuzi alikuwa anasikiliza. Kiswahili chake chote cha mwanzo kilikuwa cha mtangazaji. Kabla hajajua kuomba maji kwa Kiswahili, alijua kusema mkwaju umegonga mwamba. Uwanja hakuwahi kuuona hata siku moja. Lango alilifikiria kama mlango wa boma, wenye miiba pembeni.

Basi akamfundisha. Walikaa mkekani baada ya chakula cha mchana, vibiringo vya uzi vikawa wachezaji, kifungo cha koti kikawa mpira. Kona, penalti, kunawa, kadi. Galma alishika yote upesi isipokuwa kuotea.

"Huyu amesimama karibu na lango," alisema. "Kosa lake nini? Si amewahi tu?"

Tiya akafikiri. "Unakumbuka kisimani kwetu, wakati wa kunywesha? Mtu akipenyeza mbuzi wake mbele, wakasimama kwenye hori kabla maji hayajamwagwa?"

"Wanarudishwa nyuma."

"Nani huwarudisha?"

"Mzee wa zamu."

"Basi ni hivyo. Na wewe ndiye mzee wa zamu."

Galma akakitazama kile kifungo kwa muda. Mzee wa zamu kisimani hapendwi na mtu, kwa sababu kila siku humwambia mtu subiri. Lakini bila yeye watu wangeuana, na kila mmoja anajua hivyo. Kazi hiyo aliielewa.

Mechi zake za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Alikimbia na suruali nyeusi aliyojishonea mwenyewe, yenye mkunjo uliopigwa pasi sawasawa, na alipopuliza filimbi aliomba radhi kwanza. "Adeer, refa haombi msamaha," vijana walimwambia, wakimwita ami kwa Kisomali. Aliwahi kusimamisha mchezo ili kumshonea mchezaji jezi iliyochanika begani, sindano na uzi vikiwa ndani ya kofia yake. Mmoja akalalamika, "Ref, wacha hizo, time inaisha!" Lakini hakupendelea mtu. Alipokosea alikosea pande zote mbili, na watu waliliona hilo wakaliheshimu.

Tiya alikuja kutazama mara ya kwanza akiwa na akina mama wengine kando ya ukuta. Alishangaa ukubwa wa uwanja. "Redioni wanafika upesi," alisema. Kisha mshambuliaji mmoja akatangulia mbele ya walinzi, na Tiya, bila kujijua, akapaza sauti kwa Kiswahili cha mtangazaji, "Na hapooo, ameotea!" Uwanja mzima ukageuka. Galma naye akageuka, akapuliza filimbi. Tangu siku hiyo akina mama walimzunguka awaeleze kinachoendelea, na wengi waliokuja kuwachunga wana wao walianza kuja kwa ajili ya mchezo wenyewe.

Sasa, Muungano ulikuwa na sheria moja ambayo haikusomwa hadharani. Walioijua ni viongozi na refa tu. Kijana aliyekuja amemeza vidonge hachezi siku hiyo. Hafukuzwi wala hatangazwi. Refa humwambia apumzike, kwa kisingizio chochote, na baadaye Qali huongea naye peke yake. Qali ndiye aliyesisitiza sehemu ya kutotangazwa. Alikuwa ameona vijana wengi wakizama zaidi baada ya mtaa kuwapa jina.

Sheria hiyo haikumpa Galma taabu mpaka siku ya fainali.

Fainali ilikuwa Bulla Hodan na Bulla Nur, wale wale wa ngumi. Watu walifika mapema, wengine juu ya kuta, wengine juu ya paa la choo cha shule. Nyota wa Hodan alikuwa Mahamed, kijana mrefu mwenye mguu wa kushoto ambao Tiya aliusifu jikoni kama mtu anayesifu ngamia wa maziwa. Mama yake, Kaltun, huuza maziwa ya ngamia sokoni.

Galma alipita kukagua viatu kabla ya kuanza. Alipofika kwa Mahamed, kijana alikuwa amepiga goti akifunga kamba. Kamba ikamponyoka. Akaishika tena, ikamponyoka. Kisha akaitazama mikono yake akacheka, wala hapakuwa na aliyesema neno la kuchekesha.

Galma alikuwa ameuona mcheko ule barazani kwake, kwa Muse.

Akachuchumaa, akashika kifundo cha mguu wa kijana kana kwamba anakipima. "Mahamed," alisema polepole, "mguu wako umeteguka. Leo utapumzika."

"Adeer, mguu wangu mzima."

"Umeteguka. Nimesema."

Mahamed alimtazama machoni, akaelewa. Aibu ilipita usoni mwake, na nyuma yake hasira. Alisimama, akavua jezi akaitupa mavumbini, akatoka uwanjani kwa hatua ndefu, akitembea sawasawa kabisa. Kila mtu aliona kwamba hachechemei.

Kelele zikaanza. Nahodha wa Hodan alikuja mbio. "Adeer, kwa nini?"

"Ameumia."

"Ameumia wapi? Si tunamwona?"

"Ameumia," Galma akarudia, akaweka mpira katikati.

Bila Mahamed, Hodan walifungwa kabla ya mapumziko. Maneno yalizunguka uwanja haraka. Refa amenunuliwa. Mtu asiye na mtu hununuliwa, nani atamuuliza? Galma aliyasikia yote, maana masikio yake hayakuwa na kasoro. Aliendelea kukimbia. Muda si mrefu jiwe likatoka upande wa ukuta, likampiga juu ya jicho.

Alianguka. Watu wanasema kitu kilichowanyamazisha kilikuwa Tiya, si damu. Alivuka uwanja mbio, mtandio ukipepea nyuma yake, viatu kaviacha ukutani. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuingia katikati ya uwanja ule. Alipiga magoti, akakilaza kichwa cha mumewe mapajani, akawatazama vijana wa timu zote mbili. "Nani?" akauliza.

Qali alimshona jeraha kwenye chumba kidogo cha zahanati. Galma alikaa akifuata sindano kwa jicho lililobaki wazi.

"Unavuta uzi sana," alisema. "Kitambaa kitajikunja."

"Nyamaza, walaal, hii si sare ya shule." Alipokata uzi akasema, "Mimi nitawaambia kwa nini ulimtoa. Maalim pia amekubali. Hatuwezi kukuacha ubebe hili."

"Sheria inasema hatangazwi."

"Sheria niliitunga mimi. Haikusema refa apigwe mawe."

"Kijana ana miaka mingi ya kuishi katika mji huu," Galma akasema. "Ukimtangaza leo, ataitwa wa vidonge mpaka ndevu zake ziwe nyeupe. Mimi nitaitwa mla rushwa kwa muda. Watachoka."

Hawakuchoka upesi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, majira ambayo kwa kawaida baraza lake lilijaa mpaka watu wakasimama juani. Mwaka ule wateja wa Bulla Hodan walipita mbele yake wakitazama mabati. Mama mmoja alikuja akachukua kitambaa chake kilichokuwa kimekatwa nusu, akaondoka nacho hivyo hivyo, bila salamu. Usiku mwanawe Wako aliuliza kama ni kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko jiwe.

"Sema," Tiya alimwambia. "Kwa mwanao, kama si kwa wengine."

"Wako ana marafiki, na marafiki wana masikio."

Tiya alikasirika kweli. Siku mbili tatu walizungumza juu ya chumvi na maji tu. Alikuwa na haki ya kukasirika. Ni yeye aliyekuwa anapita sokoni na kusikia.

Asubuhi moja Kaltun akaja barazani. Alitua dumu lake la maziwa, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Mafundi wa baraza la jirani waliacha kukanyaga mashine zao, wakisubiri matusi.

"Assalamu alaykum, Galma."

"Wa alaykum salaam, walaal Kaltun."

Alisubiri mpaka mashine za jirani zianze tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nataka kukuuliza, na naomba usinifiche. Mguu wa mwanangu ulikuwa na nini?"

Galma alishika gurudumu la mashine likasimama. Angeweza kumjibu kama alivyowajibu wengine. Lakini huyu alikuwa mama wa kijana, na alikuwa ameuliza kwa sauti ambayo haikutaka kusikiwa na mtu mwingine.

"Mguu ulikuwa mzima," akasema.

"Basi?"

"Mikono. Alishindwa kufunga kamba za viatu."

"Nyumbani hushindwa kufunga vifungo vya shati," Kaltun alisema. "Nikimuuliza, anasema ni baridi. Baridi, Galma. Garissa hii!"

Wakacheka wote wawili, kidogo tu. Kisha Kaltun akavuta mtandio ukamfunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Galma alitazama kitambaa mbele yake, akaanza kuhesabu mishono isiyohitaji kuhesabiwa, ili asimwaibishe.

"Kwa nini hukusema?" Kaltun aliuliza ndani ya mtandio. "Wamekupiga. Wamekunyang'anya wateja. Neno moja tu lingetosha."

"Niliwahi kuwa na kijana hapa," Galma akasema, akionyesha mashine ya pili iliyofunikwa kwa gunia. "Mtaa mzima ulipojua, hakuwa na pa kurudi. Sikutaka tena."

Kaltun alinyanyuka, akachukua dumu lake. Jioni ile ile alimpeleka Mahamed kwa Qali.

Ningependa kusema kijana alipona siku hiyo, lakini haikuwa hivyo. Alikana kila kitu. Kisha akatoroka, akalala kwa marafiki, akarudi amekonda. Mwili wake ulipoanza kudai vidonge alitapika, alitukana, alimlilia mama yake kama mtoto. Qali alikuja kila alipoweza baada ya kazi. Maalim Bishar alikaa naye akisoma Kurani kwa sauti ndogo, na kijana alipomtukana, Maalim alisubiri amalize, akaendelea na aya iliyofuata. Galma alienda pia, akakaa mlangoni tu. Alirudi tena na tena. Siku moja Mahamed akamwambia bila kumtazama, "Adeer, jiwe sikulirusha mimi."

"Najua."

"Lakini nilifurahi lilipokupata."

"Hilo nalo najua," Galma akasema.

Huko Bulla Hodan wazee na wazazi wakaitisha kikao waamue kama timu yao ijitoe kwenye Muungano. Wengi walitaka ijitoe. Kaltun aliomba nafasi ya kusema. Alisimama upande wa akina mama, na waliokuwepo wanasema hakupaza sauti.

"Nimemuuliza mwanangu, na amesema niseme. Siku ile Mahamed alikuwa amelewa vidonge. Refa aliona, akamsitiri. Aliisitiri aibu ya nyumba yangu kwa damu ya kichwa chake, na ninyi mkamwita mla rushwa. Wana wenu wangapi wanashindwa kufunga vifungo? Ulizeni nyumbani kwenu kwanza. Mnasema Galma hana mtu. Kuanzia leo ana mimi, na ana ndugu zangu."

Ndugu zake, ambao hawakuwa wameulizwa, walitazamana. Kisha mkubwa wao akaitikia, "Ni kweli. Ana sisi."

Siku chache baadaye wazee wa Hodan wakaja barazani kwa Galma wakiongoza mbuzi dume mnene. Hiyo ndiyo haal, desturi ya kumwomba radhi mtu aliyedhulumiwa. Walisema maneno yanayosemwa, mbele ya wenye maduka wote, na Nunow wa mabati akatoka kusikiliza. Mzee wao akamaliza kwa kusema, "Galma ni wetu. Anayemgusa ametugusa." Galma akamshika mbuzi pembe, akamwelekezea uso mpaka alipoweza kusema ahsante. Mbuzi akachinjwa nyumbani kwake, na nyama ikafika kwa majirani ambao Tiya hakuwahi kuwapelekea hata chumvi.

Muungano ukapanga fainali iliyovunjika irudiwe. Qali akamletea Galma filimbi. Lakini kabla ya siku yenyewe Abdiwali, nahodha wa Bulla Nur, alifika barazani na wenzake wawili, wakasimama kwa adabu, macho chini.

"Adeer," Abdiwali akaanza, "sisi tunakuheshimu sana. Ulichofanya tunakijua."

"Sema, mwanangu."

"Lakini umekula mbuzi wa Hodan."

Galma aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kovu la juu ya jicho likamuuma, akalishika kwa kiganja, akaendelea kucheka. Vijana, waliokuwa wamejiandaa kwa hasira, wakaanza kucheka nao. "Mna haki," alisema. "Wallahi mna haki. Tafuteni asiye na mtu."

Wakampata mwalimu mgeni kutoka Kitui, aliyekuwa ndiyo kwanza ahamishiwe mjini na hata njia ya soko hakuijua. Galma mwenyewe akamfundisha majina ya wachezaji, na kumwonya kuhusu ukuta.

Siku ya mechi Kaltun alitandika mkeka upande wa Hodan. Galma alikuja na mwanawe Wako, akakaa hapo. Hakujua afanye nini na mikono yake. Karibu naye watu walipiga kelele, walimvuta kanzu, walimuuliza, "Adeer, hiyo si penalti?" kana kwamba bado ana filimbi. Upande wa akina mama sauti ya Tiya ilisikika juu ya zote, ikitangaza kila pasi. Mahamed hakucheza. Alikaa kwenye benchi na chupa ya maji, amekonda, akiinuka kila mpira ulipokaribia lango.

Hodan walifungwa tena. Walifungwa kihalali, bao la kichwa dakika za mwisho, wala hapakuwa na wa kulaumiwa. Galma alishangaa kuona kwamba imemuuma. Katika mechi zote alizochezesha, hakuna timu iliyowahi kumuuma. Alibaki mkekani wengine walipokwisha kuondoka, mpaka kaka yake Kaltun akampa mkono kumwinua. "Twende, jamaa yangu," alisema. "Msimu ujao."

Msimu ujao ulichelewa. Mvua zilikuja kwa nguvu, mto Tana ukapita kingo zake, na uwanja ukawa ziwa ambamo korongo walitembea kwa madaha. Muungano ulikutana kwenye baraza la zahanati. Qali alitaka kuanza kitu kwa ajili ya mabinti, Maalim Bishar alitaka kwanza azungumze na baba zao, na walibishana hilo kwa muda mrefu. Vijana wanne sasa wanajifunza cherehani kwa Galma saa za alasiri, na mmoja wao hana mkono wa kazi hiyo kabisa, lakini Galma hana moyo wa kumwambia.

Baada ya mkutano Galma alimuuliza Kaltun habari za Mahamed. Mjomba wake alikuwa amempeleka Sangailu, malishoni, akakae na ng'ombe, mbali na vibanda. Aliteleza mara moja, akameza tena akiwa njiani, lakini mjomba hakumrudisha.

"Amepiga simu jana," Kaltun akasema, akifunga mtandio kwa ajili ya mvua. "Anasema miguu ina malengelenge. Anasema mtandao hakuna, mpaka apande juu ya mti. Anasema ng'ombe mmoja mweusi anamchukia."

"Analalamika sana?"

"Sana, kwa sauti yake ya zamani. Dakika zote alizokuwa nazo alilalamika."

"Alhamdulillahi," Galma akasema.

"Alhamdulillahi," Kaltun akaitikia, wakatoka kwenye mvua, kila mmoja akishika njia ya kwake.